Pampu Iliyokubaliwa na Wote

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja hapa kwa sababu liko kwenye mapitio. Tume inayolipitia ina mwaka wa nne sasa, na mpaka itakapomaliza sisi raia tunashauriwa kusema "nchi yetu" na kuendelea na shughuli.

Mimi ni mwandishi wa vikao katika Shirika la Chumvi la Taifa, Makao Makuu. Jina langu ni Kitundu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeandika mihtasari ya Shirika, na hakuna hata mmoja uliowahi kurudishwa. Nayasema haya mapema ili ijulikane kuwa anayesimulia si mropokaji. Nimezoea kuandika kilichosemwa, kwa mpangilio kilivyosemwa, bila chumvi, ijapokuwa chumvi ndiyo kazi yetu.

Shirika lina mikoa mitatu. Zamani wakuu wa mikoa walikuwa wakija Makao Makuu kukutana ana kwa ana, na kila walipokuja walikula mbuzi wawili na kukaa wiki. Serikali ikaona vema wakutane kwa simu. Wakakutana kwa simu. Mbuzi wakapona, lakini hapo ndipo tulipogundua kuwa nchi yetu, ambayo ni moja na haigawanyiki, haina namna moja ya kushika simu.

Watu wa Mashariki husalimiana. Kwao kuanza kuzungumza kazi kabla ya kumjulia hali kila aliyepo, na wa kwake, na wagonjwa wa kwake, ni kukosa malezi. Mtandao ukikatika na kurudi, salamu zinaanza upya, maana mtu aliyepotea akarudi ni mgeni.

Watu wa Milimani hawamkatalii mtu. Neno "hapana" kwao ni tusi. Jambo wasilolitaka hulijibu kwa neno moja, "tumesikia", na hapo mambo yamekwisha. Mwaka juzi kikao kiliwauliza kama wanataka kujengewa ghala. Wakasema wamesikia. Ghala likajengwa kwa matofali ya kuchoma na bati jekundu, na mpaka leo wanalala humo mbuzi.

Watu wa Nyikani wao hukaa kimya. Mtu wa Nyikani akikubaliana na wewe, aseme nini tena? Atafungua mdomo akiwa anapinga. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Nyikani anakohoa kwenye simu, jua una upinzani.

Kuepusha hasara nyingine kama ya ghala, Makao Makuu yalichapisha Jedwali la Tafsiri, ukurasa mmoja wenye lamineti, linaloeleza kila mkoa ukifanya nini umemaanisha nini. Mwenyekiti wa vikao, Mheshimiwa Daktari Faraghani Tindwa, Mkurugenzi Mkuu, alilitundika mbele ya meza yake, juu kidogo ya picha yake mwenyewe. Lilifanya kazi vizuri kabisa. Ndipo ikaletwa semina.

Semina ilikuwa ya siku tatu, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mtaalamu mmoja aliyevaa koti zito katikati ya joto alitufundisha kuwa haitoshi kumwelewa mwenzako. Lazima umheshimu kwa kufuata tabia yake. Akagawa kazi ya nyumbani. Mashariki wajifunze ukimya wa Nyikani. Nyikani wajifunze maneno ya Milimani. Milimani wajifunze salamu za Mashariki. Tulipewa vyeti, mikoba na kijitabu cha salamu chenye kurasa arobaini. Niliona wazee wakikumbatiana kwenye ngazi za hoteli. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, nikaliandika hilo pia.

Jedwali la Tafsiri halikubadilishwa. Hakuna aliyeagiza libadilishwe.

*

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, maji yaliingia katika machimbo ya Kilunge.

Machimbo ya Kilunge hayamo katika mkoa wowote. Yako chini ya Makao Makuu moja kwa moja, heshima kubwa, na maana yake ni kwamba hayana pampu. Huko chumvi inachimbwa chini ya ardhi, kwenye mwamba, na dari ya handaki inashikiliwa na nguzo ambazo wachimbaji huziacha makusudi wasizichonge. Nguzo zenyewe ni za chumvi. Chumvi ikikutana na maji inafanya ile kazi ambayo kila mpishi anaijua.

Msimamizi wa zamu alikuwa Bi Sikujua Mapande, mwanamke wa makamo, mtu wa maneno machache. Alikuwa juu, penye mdomo wa shimo. Chini walikuwa wachimbaji kumi na mmoja, wamepanda kwenye ukingo wa mwamba wakiyakimbia maji, na njia ya kutokea ilikuwa imekwisha zama. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Mbaruku, mumewe.

Pampu ilikuwepo. Ilikuwa katika bohari ya Mashariki, mwendo wa dakika arobaini kwa lori, imefunikwa turubai, haijawahi kuguswa. Ila kwa sheria yetu mali ya Shirika haitoki mkoa mmoja kwenda kwingine bila mikoa yote mitatu kukubali katika kikao kimoja cha simu, na mwandishi kutoa muhtasari wenye muhuri. Sheria hii ilitungwa baada ya mzani mmoja kuhamishwa bila kuaga.

Kikao cha dharura kiliitishwa saa tatu asubuhi. Kwa kuwa ajenda za kawaida zilikuwa zimekwisha kupangwa, suala la Kilunge liliwekwa panapostahili, chini ya Mengineyo.

*

Mheshimiwa Mwenyekiti alifungua kikao kwa hotuba. Ninayo neno kwa neno.

"Ndugu wajumbe," alisema, "kabla ya yote, itifaki imezingatiwa. Simu ni daraja. Daraja ni umoja. Na umoja, ndugu zangu, hauna haraka. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na wakasema tena, kawia ufike. Hawakusema mara moja, walisema mara mbili!"

Tukapitia muhtasari uliopita, tukasahihisha nukta moja. Tukaingia kwenye Yatokanayo. Kwenye simu zilisikika sauti za watu wakipumua, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine, ya chuma, ko, ko, ko, inanyamaza kidogo, kisha inaanza tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," ilikuwa sauti ya Bi Sikujua, "naomba samahani sana. Nina watu chini."

"Bi Sikujua, wewe ni mwalikwa. Mwalikwa huzungumza ajenda yake inapofika. Halafu nani anagonga huko? Anayegonga azime kipaza sauti."

"Ni wao, Mheshimiwa. Wanagonga bomba la hewa kutokea chini. Nimeweka simu karibu muwasikie."

"Tumewasikia. Sasa azime."

Nikaandika: kelele zilijitokeza kwenye laini, Mwenyekiti akaagiza zizimwe. Zikazimwa.

Mengineyo yalifika saa tatu na dakika hamsini. Bi Sikujua akaelezwa kuwa ana dakika mbili, na mimi nikatayarisha kalamu. Lakini kabla hajatamka neno, Milimani wakaingia. Mkuu wa Milimani ni Mzee Kisamo, mtu wa sabini na kitu, ambaye maishani mwake hajawahi kusalimia kwenye simu. Siku hiyo alikuwa ameshika kijitabu cha semina. Tulikuwa tunasikia akifungua kurasa.

"Kwa heshima ya ndugu zetu wa Mashariki," alisoma, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza, "hujambo, Bi Sikujua?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za machimboni?"

"Nzuri, mzee, ila..."

"Habari za nyumbani?"

"Njema, ila mzee, maji..."

"Habari za mume?"



"Nzuri," akasema Bi Sikujua. "Ila yumo shimoni."

Mnaosoma haya ni watu wa kwetu, sina haja ya kuwaeleza. Kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri. Jeneza likiwa uani, nyumba ikiwa inaungua, utasema nzuri kwanza, halafu ndipo useme "ila". Ukweli wote wa nchi yetu unakaa nyuma ya hiyo "ila". Lakini kanuni za mihtasari zinasema mwandishi achukue jibu la kwanza la kila swali, na Mheshimiwa Mwenyekiti anazijua kanuni hizo kuliko mimi.

"Mwandishi," aliniambia, "andika. Msimamizi amethibitisha kuwa hali machimboni ni nzuri."

Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika kwa mwandiko mzuri.

"Mheshimiwa, si nzuri!" Bi Sikujua alipaza sauti. "Nguzo zinayeyuka! Nawaomba pampu, jamani. Pampu tu. Mume wangu yuko kule chini na wenzake kumi!"

Mheshimiwa akashusha miwani. "Umesema mume wako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mbaruku."

"Bi Sikujua, mbona hukusema tangu mwanzo? Mjumbe mwenye maslahi binafsi katika ajenda hutakiwa kuyatangaza na kutoka kikaoni. Hii ni misingi ya utawala bora. Hatuwezi kuhamisha pampu ya taifa kwa sababu ya mume wa mtu."

"Basi wahesabu hao kumi! Mwacheni wangu, wahesabu wale kumi!"

"Mwandishi, mtoe."

Kwenye mashine yangu kuna kitufe. Nilikibonyeza. Ninakumbuka alikuwa katikati ya neno, na sijui neno lenyewe lilikuwa lipi, kwa hiyo halimo katika muhtasari.

Baada ya hapo kikao kilienda vizuri, kwa utulivu. Mwenyekiti aliuliza mikoa kama inaafiki pampu iende Kilunge.

Mashariki walinyamaza kimya. Bi Mwanamkuu, mkuu wao, mama ambaye kwa kawaida hana kituo akianza kusalimu, hakutoa hata pumzi.

Nyikani, kupitia kwa Bwana Malogo, walisema kwa sauti ya furaha kabisa, "Tumesikia!"

Milimani, kwa sauti ya Mzee Kisamo, waliuliza, "Na mvua huko kwenu zinanyesha?"

Mheshimiwa akainua macho kulitazama Jedwali lake. Mashariki wakinyamaza: hawapo kwenye laini. Nyikani wakisema neno lolote: wanapinga. Milimani wakiuliza swali: bado wanafikiri.

"Mmoja hayupo, mmoja anapinga, mmoja anafikiri," alisema, na nilimsikia akishusha pumzi ya mtu aliyeridhika. "Demokrasia imesema. Suala litaletwa tena Jumanne."

Kikao kilifungwa saa nne na dakika kumi, kwa sala.

*

Saa nne na dakika ishirini simu ya mezani kwangu ililia. Alikuwa Bi Mwanamkuu wa Mashariki. Hakunisalimu sana, aliniuliza habari za watoto wanne tu kati ya sita.

"Ndugu Kitundu, pampu iko juu ya lori tangu saa mbili. Dereva amewasha injini. Mbona sioni muhtasari?"

"Mama, kikao hakikuafiki."

"Hakikuafiki vipi? Mimi nimeafiki! Nilinyamaza mpaka nikaumwa na kichwa!"

Nilimweleza habari za Jedwali. Akawa kimya, na safari hii kilikuwa kimya chake mwenyewe, si cha semina. Nilipoweka simu chini, wa pili alikuwa Bwana Malogo wa Nyikani akiuliza kama pampu imefika; yeye alidhani "tumesikia" ndiyo "ndiyo" ya Milimani. Wa tatu Mzee Kisamo. Naye aliniuliza kama alisalimu vizuri, kwani alidhani salamu ndiyo kuafiki, na kama wale watu wametoka.

Wote watatu walikuwa wamekubali. Hakuna hata mmoja katika nchi yetu aliyekataa pampu ile iende Kilunge.

Bi Mwanamkuu alinipigia tena. "Kitundu, mwanangu," alisema, na mimi ni mzee kumzidi, "mlinzi wa geti hatoi lori bila karatasi. Hana makosa, ndiyo kazi yake. Andika sentensi moja. Andika kwamba mikoa imekubali, ugonge muhuri, uitume. Si uongo! Tumekubali kweli!"

Nilimjibu hivi, na ninayaandika ili kila mtu ayaone: "Muhtasari unaandaliwa, mama."

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Naomba mlifikirie hilo. Halafu lisahauni, kwa sababu nimelifikiria mimi vya kutosha, na halisaidii.

Nikaandaa muhtasari, kipengele kwa kipengele. Saa tano niliupeleka kwa Mheshimiwa, akabadilisha "alisema" kuwa "alibainisha" mahali saba. Saa sita ukarudi kwangu kuchapwa upya. Bi Mwanamkuu alipiga mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia unaandaliwa, na mara zote tatu ilikuwa kweli.

Ilipofika saa saba kasoro dakika ishirini nilikuwa nimebakiza kipengele cha kelele. Mimi ni mtu wa usahihi. Nilitaka kuandika kelele zilidumu kwa muda gani, kwa hiyo nikarudisha kinasa sauti nyuma, nikavaa vifaa vya masikioni na kusikiliza bila hotuba ya mtu kuniingilia.

Ko, ko, ko, ko. Nikahesabu. Kumi na moja. Kisha kimya. Kisha tena, moja baada ya nyingine, na hakuna mbili zilizofanana, nyingine nzito, nyingine ya haraka, moja dhaifu sana. Kumi na moja. Haikuwa mtu mmoja anayegonga. Walikuwa wanapokezana jiwe. Walikuwa wanatuambia wako wangapi.

Nilivua vile vifaa.  Nikachukua karatasi mpya, nikaandika kuwa kikao kimeridhia kwa kauli moja, nikagonga muhuri, nikaituma. Ilikuwa saa saba kamili. Saa saba na dakika tatu mlinzi wa Mashariki alifungua geti.

*

Wakatoka sita.

Serikali ilionyesha ukomavu mkubwa. Sita walipewa vyeti vya uvumilivu. Familia tano zilitumiwa salamu za rambirambi kwa njia ya simu, kila familia kwa tabia ya mkoa wake. Mheshimiwa Daktari Tindwa alipandishwa, sasa ni Mshauri wa Taifa wa Mawasiliano, na yule mtaalamu wa koti ameitwa tena kwa semina ya siku tano. Mimi nimeshitakiwa kwa kughushi uamuzi wa kikao. Ni kweli nilighushi. Nilipoulizwa kama nina la kujitetea nilisema sina, nikaambiwa nisaini.

Kabla sijaondolewa ofisini, Bi Sikujua alikuja Makao Makuu. Alikuja kwa miguu yake kutoka stendi, amejifunga kaniki, na kwapani ameshika rejista ya zamu, ile yenye jalada gumu lililoliwa na chumvi. Mlinzi wa mapokezi alimwandikisha kwenye kitabu cha wageni, na kwenye "sababu ya kuja" aliandika "kuuliza".

Hakukaa. Nilimvutia kiti, akakitazama tu.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Uliyenikata?"

"Ndiyo mimi."

Aliweka rejista mezani akaifungua. Sikuwa nimewahi kuona rejista iliyoandikwa vile. Upande wa kushoto saa, upande wa kulia hesabu. Baada ya sisi kumtoa kwenye simu alirudi kwenye bomba, akaweka sikio, na kila raundi ya kugonga akaiandika. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, ukurasa mzima. Saa tano na robo, kumi. Sita kasoro dakika tano, tisa. Sita na nusu, nane. Saa saba kasoro robo, saba. Saba na nusu, lori likiwa bado liko njiani, sita.

"Sijui ilipofika kumi aliyekosekana alikuwa yeye au mwingine," alisema. "Au kwenye tisa. Wale sita waliotoka ninawauliza, wanalia tu, na mimi siwalaumu. Kulikuwa na giza." Akashika ukingo wa meza. "Mimi sikuja kugombana. Nataka kujaza tu hiki kitabu. Pampu ilipakiwa lorini saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akatoa kalamu, akaandika. "Na huyo mama wa Mashariki alikupigia kuulizia karatasi saa ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Mimi, wa miaka thelathini na mmoja, nisiyesahau nukta.

"Saa nne na dakika ishirini," nikasema.

Alitafuta mstari kwa kidole, taratibu, akishuka ukurasa. Akaufikia. Kidole kikasimama hapo, akaniacha nisome mwenyewe.

"Walikuwa wamo wote," alisema.